Kuficha Jiokashi Chini ya Maji Mombasa: Tarakimu Baharini, Daftari Nchi Kavu

Mchezo wa jiokashi ulianza tarehe 3 Mei 2000, mara tu baada ya serikali ya Marekani kuondoa kosa la makusudi lililokuwa likitiwa kwenye mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Siku hiyo Dave Ulmer alificha ndoo karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akatangaza majiranukta yake, yaani latitudo na longitudo ya mahali pale, kwenye intaneti, na kuwaalika watu waitafute, wachukue kitu, waache kitu, kisha waandike majina yao katika daftari lililokuwamo. Msingi wa mchezo ni ule ule hadi leo: kuna chombo kilichofichwa, ambacho ndicho jiokashi yenyewe, kuna daftari ndani yake, na kuna tarakimu zinazomfikisha mtafutaji hatua chache kutoka pale kilipo.

Ndoo iliyofichwa msituni, hata hivyo, haijui kupwa wala kujaa. Anayetaka kuficha ndani ya maji ya chumvi ya Mombasa hukutana na mambo ambayo mfichaji wa bara hana haja ya kuyafikiria: simu haipati setilaiti hata ikizama shubiri moja, hewa iliyomo ndani ya chombo hutaka kupanda juu saa zote, kina cha asubuhi si kina cha alasiri, na kitu kinachokaa majini miezi miwili huota mwani na magamba hadi mwenyewe asikitambue. Baada ya kupoteza vyombo vitatu na kuletewa kimoja mkononi, nimefikia uamuzi ambao mwongozo huu wote unaufuata, nao ni kwamba tarakimu zikae baharini na daftari likae nchi kavu. Nitaeleza pia namna ya kuzamisha sanduku lenyewe kwa yule asiyeridhika na njia hiyo, lakini ninamshauri asianzie hapo.

Hatua ya kwanza: Chagua mahali na uombe ruhusa kabla ya kununua chochote

Mombasa ni kisiwa kilichozungukwa na maji pande zote, na mwenye kuitazama ramani hudhani kwamba nafasi za kuficha ni tele. Ukiziondoa sehemu zisizofaa, zinazobaki ni chache. Kilindini ni njia ya meli kubwa, na Mtongwe kuna kambi ya wanamaji. Huko hakuna mjadala. Kivuko cha Likoni, Daraja la Nyali na gati lolote la umma pia uyaache, kwa kuwa chombo kilichofungwa kikakaa chini ya daraja kitachukuliwa kuwa bomu, na polisi watakaokichukulia hivyo watakuwa wamefanya kazi yao. Mbele ya Fort Jesus, katika maji ya Bandari ya Kale, ndipo ilipozama merikebu ya Kireno Santo António de Tanná mwaka 1697 wakati ngome ilipokuwa imezingirwa, na mabaki yake yalichimbuliwa chini ya maji kati ya mwaka 1977 na 1980. Hapo ni mahali pa urithi wa taifa, na mtu anayeonekana akizamia pale huku ameshika sanduku atakuwa na mengi ya kueleza. Maji ya Tudor, kwa upande wao, hupokea majitaka ya mji, na baada ya mvua huwa mazito kiasi kwamba mzamiaji haoni kiganja chake mwenyewe.

Upande wa Nyali, Bamburi na Shanzu maji ni mazuri, lakini huko ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986. Hifadhi yenyewe ina ukubwa wa kilomita za mraba 10 hivi, nayo imezungukwa na eneo la akiba la kilomita za mraba 200 hivi, yote yakiwa chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, yaani KWS. Bahari haina ua, kwa hiyo ni rahisi sana mtu kuvuka mpaka bila kujua. Usiache kitu chochote katika eneo hilo bila idhini ya maandishi, na ukikataliwa usibishane. Wapo wanaovutiwa na mabaki ya MV Dania, meli iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 ili iwe makao ya samaki. Ni mahali pa kupendeza, lakini meli hiyo imelala kwenye kina cha mita 30 hivi, ambacho kinapita kikomo cha mita 18 cha mzamiaji mwenye cheti cha mwanzo.

Sehemu ninayoipendekeza kwa anayeanza ni gati la binafsi kwenye mkono wa bahari wa Mtwapa, au maji tulivu ya mchanga kati ya ufuo na mwamba, nje ya mipaka ya hifadhi, mbele ya mwenyeji aliyekubali. Mwombe ruhusa mwenye gati, kisha nenda kwenye bandari ndogo ya wavuvi iliyo karibu ukazungumze na viongozi wa BMU, yaani kikundi kinachosimamia ufuo na uvuvi wa mahali hapo. Hatua hii watu huiruka kwa haraka zao, na hujuta. Wavuvi ndio wanaoujua mchanga ule kila siku, na kitu ambacho hawakuambiwa habari zake watakitoa majini, tena kwa nia njema kabisa.

Kanuni za mchezo zinataka pia kila kitu unachokiweka kiwe umbali wa angalau mita 161 kutoka kwa jiokashi nyingine, na kwamba mfichaji aishi karibu kiasi cha kuweza kukitunza. Mgeni aliyekuja hotelini kwa wiki mbili hawezi kuficha kitu halafu akapanda ndege akakiacha.

Ukishapata eneo, tafuta doa la mchanga mtupu. Usiweke kitu juu ya matumbawe, wala usikitie kwenye nyasi za bahari, na usikifunge kwa kamba ndefu inayoelea, kwa sababu kasa hunaswa humo.

Hatua ya pili: Pima kina wakati wa kupwa kwa bamvua

Hapa ndipo nilipoanguka mimi. Chombo changu cha kwanza nilikiweka siku ya maji mafu, yaani siku ambayo maji hayapwi sana, saa za kupwa, mahali ambapo maji yalinifika kiunoni, nikajiambia kwamba ikiwa kupwa kwenyewe ni kiunoni basi hapawezi kukauka. Wiki moja baadaye ikaingia bamvua, ambayo maji yake hujaa sana na kupwa sana. Asubuhi hiyo chombo changu kilikuwa kimekaa juu ya mchanga mkavu, kikimeta juani kama sufuria iliyosahauliwa na wapishi wa arusi, na mzee mmoja aliyekuwa akichokoa pweza alikibeba hadi pwani, akauliza ni cha nani. Nilipomwamkia na kukiri kwamba ni changu, alikigeuza mara mbili, akakisikiliza sikioni, kisha akaniambia, "Mwanangu, ukitaka kuficha kitu baharini, muulize mwezi kwanza."

Mzee alikuwa na haki. Mombasa maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku ya mwezi, na nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Katikati yake huja maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo zaidi. Maana yake ni kwamba kupwa kwa maji mafu hakukuonyeshi chini halisi ya bahari. Kupwa kwa bamvua huangukia karibu saa nne au saa tano asubuhi, na tena usiku saa kama hizo, jambo linalomfaa sana mfichaji, kwa kuwa anaweza kupima mchana peupe jua likiwa juu.

Tafuta jedwali la maji ya Kilindini, chagua siku yenye kupwa kwa chini zaidi katika mwezi, na uende ukatie bildi siku hiyo. Huhitaji chombo cha kisasa: kamba ya nailoni yenye chubwi mwishoni, iliyotiwa fundo kila nusu mita, inatosha. Mahali pazuri ni pale ambapo siku hiyo hiyo bado pana maji ya pima moja, yaani mita 1.8 hivi, juu ya mchanga. Elewa kwamba mahali hapo hapo, bamvua ikijaa, patakuwa na karibu pima tatu, na anayekuja bila kutazama jedwali atakuta kazi tofauti kabisa na ile uliyoifikiria. Andika vipimo vyote viwili, kwa kuwa utavihitaji utakapotunga maelezo.

Majira ya mwaka nayo yana neno lake. Wakati wa Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, maji huwa meupe na bahari hutulia. Kusi ikishika, kuanzia Aprili, mawimbi hupiga, mchanga hutibuka, na mvua za masika huteremsha tope kutoka mitoni. Mimi sifichi kitu kipya wakati wa Kusi.

Hatua ya tatu: Amua kitakachokaa majini

Njia ziko tatu, na nyepesi kuliko zote ni kutoweka kitu chochote. Kanuni za mchezo zinaruhusu jiokashi yenye vituo vingi, ambapo kituo cha kwanza kinaweza kuwa swali tu: mtafutaji anafika mahali, anahesabu nguzo za gati zilizo chini ya maji au kusoma tarakimu iliyokwisha kuchorwa hapo na mwenye gati, kisha anaingiza jibu katika hesabu inayompa majiranukta ya daftari. Kituo cha namna hiyo hakihesabiwi katika zile mita 161, hakioti magamba yako, na hakimkwazi askari wa hifadhi. Ikiwa pana kitu cha kudumu cha kuhesabika, usitafute njia nyingine.

Njia ya pili ni kibati cha metali chenye tarakimu, ambacho ndicho ninachokitumia. Njia ya tatu ni chombo chenye daftari ndani yake. Watu wengi huanza na hii ya tatu kwa sababu inafanana na ile ya nchi kavu, na ndiyo inayowashinda.

Jambo moja lieleweke mapema. Huwezi kuzamisha kibati chenye neno la siri na kusema kwamba mtafutaji akikutumia neno hilo kwa ujumbe inatosha. Jiokashi ya kawaida yenye chombo lazima iwe na daftari la kutiwa sahihi, na wahakiki wa kujitolea wanaopitia maombi kabla hayajatangazwa kwenye tovuti ya mchezo watakurudishia. Ndiyo sababu kibati kiwe kituo cha kwanza, na daftari liwe kituo cha mwisho, kwenye kivuli cha mkungu au nyuma ya ukuta wa mwenyeji wako.

Hatua ya nne: Tengeneza kibati na uzito wake

Nunua kipande cha shaba ya manjano chenye unene wa milimita 3, upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 15. Shaba ina faida ambayo plastiki haina: chembechembe zinazotoka polepole kwenye uso wake huwachukiza viumbe wachanga wanaotafuta pa kung'ang'ania, kwa hiyo huota taratibu zaidi. Chuma cha pua pia kinafaa, mradi kiwe cha daraja la 316, kwa kuwa kile cha 304 kinachouzwa zaidi madukani hutoboka vijidoa katika maji ya chumvi. Usichanganye metali mbili. Bati la alumini lililofungwa kwa skrubu za chuma cha pua huliwa upande wa alumini hadi tundu linapanuka na bati linadondoka, kwa sababu metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi hugeuka kuwa betri ndogo, na ile dhaifu ndiyo inayolika.

Mpelekee fundi wa jua kali mwenye patasi za tarakimu akugongee namba kwa nyundo. Usizichore kwa rangi, kwa kuwa rangi haimalizi msimu, na usimwachie achague ukubwa: tarakimu ziwe na urefu wa milimita 8 au zaidi, zizame vya kutosha kiasi kwamba mtu anaweza kuzisoma kwa kidole maji yakiwa na tope. Halafu kumbuka kwamba mzamiaji hukijia kibati kutoka upande wowote, pengine kichwa chini miguu juu. Kibati changu cha kwanza kilikuwa na 6 na 9, na watafutaji wawili walikwenda kuchakura kwenye bustani ya watu mita mia kadhaa kutoka palipokuwa na daftari. Tangu siku hiyo ninamwomba fundi agonge mstari chini ya kila tarakimu, na upande wa juu agonge neno JUU.

Huna haja ya kugonga majiranukta yote. Nyuzi (digrii) na dakika nzima zinaweza kuandikwa kwenye maelezo. Kibati kibebe desimali tatu za latitudo na desimali tatu za longitudo peke yake. Chini yake ugonge maneno MCHEZO, SI HATARI, ili anayekikuta kwa bahati asipate wasiwasi.

Uzito wake ufanye kwa simiti. Chukua karai kuukuu, lipake mafuta ya kupikia kidogo ili simiti isishike, mimina mchanganyiko mzito usio na maji mengi, kisha uchomeke kibati kikiwa kimesimama wima, nusu yake ikiwa imezama, huku boliti mbili za shaba zilizopita kwenye matundu yake zikishikwa na simiti. Kusimama wima si kwa urembo: kibati kilicholala hufunikwa na mchanga kwa siku chache, lakini kilichosimama huoshwa na mawimbi. Funika kwa gunia bichi na ulimwagie maji kwa siku 7 kabla ya kulitoa tofali lako karaini. Simiti hupoteza zaidi kidogo ya asilimia 40 ya uzito wake ikizama baharini, kwa hiyo tofali la kilo 12 litakuwa kama kilo 7 huko chini. Linatosha kwa maji tulivu ndani ya mwamba. Nje ya mwamba, ambako mawimbi huvunjika, halitoshi, na sikushauri uende huko.

Kwa anayetaka kuzamisha sanduku lenyewe

Anza na hesabu. Chombo cha lita 1.5 kilichojaa hewa husukumwa juu na maji ya bahari kwa nguvu ya kilo 1.5 na kidogo. Kama chombo chenyewe kina uzito wa gramu 300, unahitaji zaidi ya kilo 1.2 ndani ya maji ili kisielee tu, nayo ni zaidi ya kilo 2 za simiti ukiipima nchi kavu; na ili kisiburutwe, mara mbili ya hapo au zaidi. Ni afadhali uzito uwe ndani: jaza kokoto na chubwi, usiache hewa isiyo na kazi.

Kisha kuna mgandamizo. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Kifuniko chenye kipenyo cha sentimita 10, kikiwa mita 10 chini, hubanwa kwa nguvu ya karibu kilo 79. Hata kwenye mita 3 ni kilo 24 hivi. Kopo jembamba la plastiki litabonyea, na kifuniko kigumu hakitafunguka kwa mkono kule chini, jambo ambalo kwa kweli ni heri, kwa sababu kikifunguka kitajaa maji. Hatari kubwa iko kinyume chake. Mzamiaji akikifungua kwenye mita 10, akakijaza hewa ya mtungi wake ili kikauke, akakifunga na kupanda nacho, hewa ile iliyofungwa kwa mgandamizo mara mbili ya ule wa juu inaweza kukipasua usoni pake. Kwa hiyo bandika juu ya kifuniko, kwa Kiswahili na Kiingereza, maneno yanayosema kwamba kifunguliwe juu ya maji tu, na kifungie kwenye tofali kwa ndoano fupi inayofunguka, ili mtafutaji akipandishe, aandike, akirudishe.

Oringi, ule mpira wa duara unaoziba kifuniko, ndio roho ya chombo hiki. Chombo hakiingizi maji kwa sababu ya kina peke yake. Mara nyingi huingiza kwa sababu ya unywele mmoja au punje moja ya mchanga iliyokaa kwenye mpira. Ufute kwa kitambaa safi, uupake grisi ya silikoni, na usiutie vaselini ikiwa ni mpira wa asili, maana huuharibu. Weka ndani vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, kwa sababu hewa ya Mombasa unayoifungia mchana huwa nzito kwa mvuke, na mvuke huo hugeuka matone chombo kinapopoa. Kabla ya kukitegemea, kitie karatasi kavu ya shashi, ukining'inize kwa kamba kutoka kwenye gati kwa usiku mzima katika kina kile kile utakachokitumia. Jaribio la pipa nyumbani huonyesha tundu kubwa tu.

Ipo pia njia ya kukubali maji: kisanduku chenye matundu, ndani yake kurasa za plastiki iliyokwaruzwa kwa msasa na kalamu ya risasi iliyofungwa kwa uzi. Kalamu ya risasi huandika chini ya maji bila shida. Hakuna hewa, hakuna mgandamizo, hakuna cha kuvuja. Kama ningelazimishwa kuweka daftari baharini, ningechagua hii. Usifunge kitu chochote kwa mifuko ya nailoni. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na baharini ndiko madhara yake yanakoonekana zaidi.

Hatua ya tano: Zamisha na uchukue majiranukta

Usiende peke yako. Mmoja abaki juu, ndani ya mtumbwi au akiwa na boya, na mwingine azame. Vaa viatu vya mpira kwa ajili ya nungu wa baharini wenye miiba myeusi, na mnaozama kwa pumzi zenu msipumue haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama, kwa kuwa kufanya hivyo huchelewesha hamu ya kuvuta hewa hadi mtu anazirai chini bila onyo. Anayetumia mtungi na anatarajia kusafiri kwa ndege aache saa 18 zipite kwanza.

Mawimbi ya GPS hunyonywa na maji ya chumvi ndani ya sentimita chache tu, kwa hiyo kipimo huchukuliwa juu. Funga boya dogo kwenye tofali kwa uzi mfupi usiolegea, subiri maji yasimame yanapogeuka baina ya kujaa na kupwa, kisha shikilia simu juu ya boya. Maji yakiwa yanakwenda, uzi hulala: uzi wa mita 5 ukilala nyuzi 30 hukupotosha mita 2.5. Simu nzuri mahali peupe hukosea kwa mita 5 hivi, na desimali ya tatu ya dakika ni sawa na mita 1.85, kwa hiyo pima mara kadhaa, siku mbili au tatu tofauti, uchukue wastani. Kioo cha simu kilichoroa hakisikii kidole vizuri. Aliye mtumbwini mwenye mikono mikavu ndiye apime. Ukimaliza, ondoa boya na uzi wake.

Hakikisha umeandika S mbele ya latitudo. Programu nyingine huweka N zenyewe, na Mombasa, iliyo karibu na S 04° 03' E 039° 40', ikiandikwa N humpeleka mtafutaji kusini mwa Ethiopia, ambako hakuna bahari.

Zaidi ya tarakimu, chukua alama kama wavuvi wanavyofanya. Simama juu ya kibati, tafuta vitu viwili vya nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja, kama vile mnara wa msikiti unaoonekana juu ya paa fulani, kisha tafuta jozi nyingine upande mwingine, kwa mfano mnazi uliopinda mbele ya nguzo ya taa. Pale mistari miwili inapokutana ndipo ulipo. Wavuvi hurudi kwenye mwamba wao kwa njia hiyo bila simu wala betri, na kwa umbali mdogo kutoka pwani njia hiyo haipitwi sana na GPS. Alama hizo ziandike kama kidokezo.

Hatua ya sita: Andika maelezo

Yawe mafupi na ya kweli. Eleza kina cha kupwa na cha kujaa, sema ni siku zipi za mwezi mtu asiyeogelea vizuri anaweza kufika, na mtake kila mtu atazame jedwali la maji. Kama kifaa maalumu cha kuzamia kinahitajika, kiwango cha ugumu wa eneo ni 5 kati ya 5, na usikishushe ili upate wageni wengi. Weka alama za kuogelea, kuzamia na hatari pale zinapostahili. Taja kwamba mwenyeji na wavuvi wa hapo wameruhusu, na mwombe mtafutaji awasalimie kabla ya kuingia majini; pwani yetu salamu hufungua mlango ambao barua haifungui.

Hatua ya saba: Tunza

Mwezi wa kwanza nenda kila wiki mbili, kisha ujionee mwenyewe kasi ya kuota ya mahali hapo. Mwani hutoka kwa kusuguliwa na kipande cha kumbi la nazi, ambacho hakikwaruzi shaba na kikikuponyoka si uchafu. Magamba magumu uyabandue kwa ubapa wa kijiti. Usitumie brashi ya waya, na usipake dawa ya kuzuia mwani kama ile ya matumbo ya boti, kwa kuwa sumu hiyo hubaki kwenye mchanga. Pweza akihamia chini ya tofali, ambalo ni jambo la kawaida, mwache. Atakuwa amejenga ukuta wa kokoto na makombe mlangoni, na utalazimika kumwandikia mtafutaji asichokonoe mkono humo.

Mwishoni mwa Machi, kabla ya Kusi kukaza, mimi hutangaza kwamba jiokashi imesimamishwa kwa muda, nikalitoa tofali zima majini. Hulifunga kamba mbili, nikalipandisha polepole na mwenzangu wakati wa kupwa, nikalisuuza kwa maji baridi, nikalilaza kivulini nyuma ya nyumba. Kibati hukikagua kingo zake na boliti zake. Boliti iliyokonda hubadilishwa kwa nyingine ya shaba ile ile. Mwezi wa Novemba, maji yakishaanza kuwa meupe, huangalia mwezi, nikachagua bamvua, nikalirudisha, na kupima majiranukta upya kana kwamba sijawahi kuyapima.